Sailensa inayopanda na kushuka: kisa cha Corolla ya mwaka 1990

Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 1990, injini 4A-FE, cc 1587, gia otomatiki. Limekaa nchini miaka mingi na limepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika kwa mwenye nalo wa sasa, mwalimu wa sekondari anayeishi Igoma, hapa Mwanza. Malalamiko yake aliyaeleza vizuri kuliko wateja wengi, na karibu jibu lote lilikuwamo humo kwa mtu ambaye angemsikiliza hadi mwisho. Asubuhi gari linawaka bila shida, sailensa (mizunguko ya injini mguu ukiwa haujagusa mafuta) iko juu kidogo kama injini yoyote ya baridi, na imetulia. Akiwa njiani kwenda mjini, akifika Nyakato injini imeshapata moto. Hapo akisimama na kuweka N, sailensa inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Vuuum, inapanda, inashuka mpaka unadhani inazima, inapanda tena, na mguu wala hauko kwenye mafuta. Akirudisha D kule kupanda na kushuka kunakoma, lakini gari linasukuma mbele kwa nguvu, na kwenye foleni ya Buzuruga anakanyaga breki mpaka goti linauma. Akitoka safari, tuseme Magu, gari hutulia kwa muda. Akiingia tena kwenye foleni, yanarudi yaleyale.

Gari lilipofika kwetu Mabatini lilikuwa limeshapita gereji nyingine, na pesa zilikuwa zimeshatoka. Plagi zilibadilishwa, zikafuata waya zake, ikafuata filta ya mafuta. Ikanunuliwa sensa ya mtumba ya throto, yaani mlango unaoingizia injini hewa. Gereji moja ililileta lile kompyuta la kupimia, likakosa pa kuchomekwa, kwa sababu gari la mwaka 1990 halina soketi ya OBD2 inayotumiwa na mashine hizo. Mwalimu akaambiwa mashine haioni kosa. Gereji nyingine ikapima mvuto wa hewa kwa geji, ikaona namba iko chini, ikafungua manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na kubadilisha gasketi. Ushauri wa mwisho aliopewa ulikuwa atafute kontrol boksi nyingine, yaani kompyuta ya gari. Hapo ndipo alipokataa kutoa shilingi zaidi, na mimi namuunga mkono.

Sina ugomvi na spea za mtumba. Gari la umri huu bila mtumba haliendi. Ninachopinga ni kutumia spea kama kipimo. Sensa ya mtumba uliyofunga bila kuipima haikwambii chochote gari likiendelea na ugonjwa wake: hujui kama sensa ya zamani ilikuwa nzima, au kama na hiyo mpya nayo ni mbovu. Unakuwa na gari lenye kosa lilelile na shaka mbili badala ya moja.

Tuanze na kule kupanda na kushuka kwenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Injini inayopumua hivyo, kama mtu aliyepanda kilima cha Bugando kwa miguu, inaonekana kama imechanganyikiwa, na mawazo ya fundi yanakimbilia umeme. Kumbe mara nyingi kompyuta ya gari inafanya kazi yake sawasawa. Toyota za injekta za miaka ile, kama zilivyo gari nyingi za injekta, zina mpango wa kukata mafuta dereva anapoachia mguu gari likiwa kasi. Kompyuta inaangalia vitu viwili. Cha kwanza ni swichi ndogo iliyo ndani ya sensa ya throto, inayosema mguu hauko kwenye mafuta. Cha pili ni mizunguko ya injini. Swichi ikisema mguu umetoka, na mizunguko ikiwa juu ya kiwango fulani, kompyuta inaelewa kwamba gari linateremka mlima au linapunguza mwendo, inafunga nozeli zote za mafuta. Mizunguko ikishuka mpaka kiwango cha chini, inazifungua tena ili injini isizime.

Sasa weka injini ambayo inapata hewa nyingi kuliko inavyotakiwa wakati mguu haujagusa mafuta. Inapanda, kwa sababu ina hewa na ina mafuta. Inavuka kile kiwango. Kompyuta inasema mguu umetoka na mizunguko iko juu, kata mafuta. Injini inashuka. Inafika chini, mafuta yanarudi, inapanda tena kwa sababu ile hewa bado ipo. Itafanya hivyo mpaka tangi liishe. Kinachoyumbisha ni kompyuta, lakini mgonjwa ni hewa iliyozidi, na huyo atabaki palepale hata ukibadilisha kontrol boksi kumi.

Maelezo haya yanatoshea kila alichosema mwalimu. Kiwango cha kukata mafuta hutegemea joto la maji: injini ikiwa baridi kiko juu, ikipata moto kinashuka. Ndiyo maana asubuhi gari limetulia ingawa sailensa iko juu, na vurugu inaanza Nyakato. Ukiweka D, gia inabeba mzigo na mizunguko inavutwa chini ya mstari wa kukatia; hakuna kukata, hakuna kuyumba, inabaki ile nguvu ya ziada ikisukuma gari. Fundi mmoja wa huko nyuma alimwambia kwamba ameliendesha mpaka Nyegezi na hakuona shida. Bila shaka aliliendesha likiwa D.

Nadharia nzuri bila kipimo ni maneno tu, kwa hiyo tulipima. Chini ya boneti la gari hili kuna kiboksi cha plastiki chenye kifuniko, na ndani yake matundu yenye majina. Tundu la IG hasi ni la kuchomeka kipimo cha mizunguko, jambo lililotufaa kwa sababu dashibodi ya gari hili haina mshale wa mizunguko. TE1 na E1 ukiziunganisha kwa kipande cha waya, swichi ikiwa ON na injini haijawashwa, taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa namba za makosa. Yetu ilipepesa kwa mwendo mmoja, haraka haraka, bila kituo. Hiyo maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa: si sensa ya joto la maji, si sensa ya mgandamizo wa manifoldi, si sensa ya throto. Kwa hiyo gari hili lilikuwa na uwezo wa kusema miaka yote hiyo, bila kuhitaji kompyuta ya mtu yeyote. Kipande cha waya kilitosha.

Tukaiwasha mpaka ikapata moto. Kipimo kikaonyesha mizunguko inacheza kati ya 1100 na 1800 hivi. Kisha nikachomoa soketi ya sensa ya throto.

Injini ikapanda mpaka 1900, ikakaa hapo. Haikutikisika.

Hiki ndicho kipimo ambacho kingemwokolea mwalimu pesa zake, na kinachukua muda wa kuhesabu mpaka kumi. Ukichomoa soketi ile, swichi ya mguu haisomeki tena, na kompyuta inaamini kwamba dereva ameshika mafuta. Haina sababu ya kukata. Kuyumba kukikoma na mizunguko ikabaki juu imetulia, umethibitisha kwamba ulichokuwa unakiona ni kukata na kurudisha mafuta, na kwamba kosa halisi ni hewa inayoingia kupita kiasi. Kama kuyumba kungeendelea hata soketi ikiwa nje, ningegeukia upande mwingine kabisa: presha ya mafuta, koili, waya za kichwa cha umeme, mchanganyiko kuwa mwepesi (hewa nyingi, mafuta kidogo).

Kwa injini hii kuna jambo jingine la kulishika. Haina ile sensa ya kupima hewa inayopita kwenye bomba la eya klina. Inapima mgandamizo ndani ya manifoldi na kukadiria hewa kutokana na hapo. Hewa ikiingia kwa njia yoyote, iwe halali au ya wizi, mgandamizo unapanda na kompyuta inaongeza mafuta ya kuifuata. Ndiyo sababu tundu kwenye manifoldi ya injini ya namna hii hupandisha sailensa. Kwenye gari lenye sensa hiyo ya kupima hewa, iitwayo MAF, hewa ya wizi haikuhesabiwa, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inamisi, inatetemeka, pengine inazima. Dalili ni tofauti, na ushauri wa mwenye gari moja haumfai mwenye gari jingine.

Hewa inaweza kupita njia nyingi, na tulizipita moja moja. Mpira wa busta ya breki tuliubana kwa plaizi iliyofungwa kitambaa: mizunguko haikubadilika. Mpira wa kupumulia mvuke wa oili tuliubana: ilishuka kidogo tu, kama inavyotakiwa. Tukapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi na chini ya nozeli, tukisikiliza kama injini itabadilisha sauti. Haikubadilisha. Dawa ile inashika moto, kwa hiyo ekzosi ikiwa nyekundu au waya za plagi zikitoa cheche usijaribu. Sisi tulikuwa na mtungi wa kuzimia moto pembeni, na si kwa urembo.

Ile gasketi ya manifoldi iliyobadilishwa ilikuwa nzima, na naamini hata ya kwanza ilikuwa nzima. Geji ndiyo iliyomponza fundi yule. Video nyingi za mafundi wa nje zinasema injini nzima ikiwa sailensa isome inchi 18 mpaka 21 za zebaki. Hiyo ni kweli ukiwa usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo wa takriban asilimia 88 ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Kila mita 300 unazopanda zinakupunguzia kama inchi moja kwenye geji. Injini inayosoma 19 Tanga, ukiileta Mwanza bila kuigusa itasoma 15 na kitu. Fundi wa Mwanza akiona 15 na kusema kuna tundu, atafungua manifoldi nzima za mji huu mpaka azeeke. Kinachofaa kutazamwa hapa ni kama mshale umetulia, na namba iweje ukilinganisha na gari jingine zima la aina hiyohiyo, hapahapa Mwanza.

Hewa ya wizi ikawa haipo. Ikabaki hewa halali, ile ambayo watengenezaji wenyewe waliipa njia.

Tulivua bomba la eya klina tukabaki tunaitazama throto uso kwa uso. Kipepeo, kile kibati cha ndani kinachofungua na kufunga throto, kilikuwa kimefunga. Pembeni yake, kwenye ukuta wa throto, kuna tundu dogo: hiyo ni njia ya pembeni, inayoingiza hewa ya sailensa bila kupitia kwenye kipepeo. Nikaliziba kwa kidole injini ikiwa inaunguruma. Mizunguko ikaporomoka mara moja. Nikiachia inapanda, nikiziba inashuka. Hewa yote iliyozidi ilikuwa inapita pale.

Njia ile ina milango. Mmoja ni skrubu ya kurekebishia sailensa. Mwingine ni valvu iliyo chini ya throto, ambayo wengi hawaijui kwa sababu haina waya hata mmoja. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi nta imejikunja na valvu imefunguka, hewa ya ziada inapita, ndiyo maana asubuhi sailensa iko juu. Maji ya injini yanapita chini ya valvu hiyo kwa mipira miwili myembamba. Yakipata moto, nta inayeyuka na kupanuka, inasukuma kipini, kipini kinafunga njia. Hakuna umeme hapo wala kompyuta. Kinachoifunga ni joto la maji, na maji yasipofika, haifungi.

Nikashika mpira mkubwa wa juu wa rejeta: wa moto, hauvumiliki. Nikashika ile mipira miwili ya chini ya throto. Ilikuwa vuguvugu, joto la boneti tu. Mmoja ukiuminya unasikia hewa ikichekecheka ndani, hakuna maji.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi akisahihisha madaftari. Nikamuuliza: "Mwalimu, maji ya rejeta huwa unaangalia?"

"Kila asubuhi, mwanangu. Yamejaa."

"Unaangalia wapi?"

Akaonyesha kile kitangi cha pembeni. "Tena siku hizi hata siongezi. Yanajaa yenyewe, mengine yanamwagika."

Hilo la kujaa yenyewe ndilo lililomaliza kesi. Kitangi kile hupokea maji rejeta inapopata moto na maji kupanuka, na hutakiwa kuyarudisha injini inapopoa. Kikiwa kinapokea bila kurudisha, kitajaa mpaka kimwagike, na rejeta nayo inapungua kila siku kwa kiasi kilekile. Mwenye gari anafungua boneti, anaona kitangi kimejaa, anafunga boneti akiwa na amani.

Tuliacha injini ipoe kabisa. Hapa sikubali haraka ya mteja yeyote, hata awe na harusi. Maji ya rejeta ya moto yameshaunguza nyuso za vijana wengi wa gereji. Kifuniko kilipofunguliwa, maji hayakuonekana. Ukichungulia unaona vichwa vya mirija ya rejeta vimekauka na vina ukoko wa kutu. Iliingia lita moja na nusu hivi kabla ya kufika shingoni, kwenye mfumo wa lita tano na kitu.

Kifuniko chenyewe kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu watu hukichukulia kama kizibo cha chupa. Kina raba mbili. Ya chini iko kwenye springi na ndiyo inayoshika presha; hiki kilikuwa kimeandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba. Katikati yake kuna valvu ndogo kama kitufe, unayoivuta kwa kucha. Hiyo ndiyo hufunguka injini ikipoa ili maji yarudi kutoka kwenye kitangi. Ya juu ni pete nyembamba iliyogusana na bati la kifuniko kwa ndani, inayoziba mdomo wa shingo. Kwenye kifuniko hiki ile pete ya juu ilikuwa imepasuka sehemu mbili na kukakamaa, na kile kitufe kilikuwa kigumu kwa kutu. Ikawa injini ikipoa na rejeta ikitaka kunyonya, inanyonya hewa kupitia ile pete iliyopasuka badala ya kunyonya maji. Kila jioni gari likilala Igoma, rejeta ilikuwa inajijaza hewa.

Mtu atauliza: kama maji yalipungua hivyo, kwa nini mshale wa joto haukupanda? Kwa sababu sensa yake ilikuwa bado imezama. Maji yanapopungua hewa inakimbilia sehemu ya juu, na ile mipira ya chini ya throto iko juu kwenye mfumo na ni myembamba. Inakosa maji kabla ya injini kuanza kuchemsha. Kwenye safari ya Magu pampu inazunguka kwa kasi, inasukuma maji mpaka kule, nta inapata moto na valvu inafunga, gari linatulia. Kwenye foleni pampu inazunguka polepole, maji hayafiki, nta inapoa. Yote hayo mwalimu alikuwa ameyasema siku ya kwanza, kwa lugha ya foleni na safari.

Kabla ya kulaumu kifuniko peke yake, tulifunga pampu ya kupimia presha kwenye shingo ya rejeta na kuipandisha mpaka 0.9. Ilishika. Hakuna mpira uliovuja, pampu ya maji haikutoa tone kwenye tundu lake la chini, na injini ilipowashwa hayakuonekana mapovu ya kuonyesha gasketi ya silinda hedi imeachia. Themostati ilikuwepo, jambo la kushukuru. Mji huu una mafundi wengi wanaotoa themostati kwa maelezo kwamba huku ni joto. Gari lisilo na themostati ya nyuzi 82 hukaa baridi muda mrefu, linakula mafuta, na kwenye injini yenye valvu ya nta unajitengenezea ugonjwa huuhuu kwa mkono wako.

Kusafisha ndiko kulikochukua muda mwingi. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kwa kutu. Bloku ya 4A-FE ni ya chuma cha kuyeyusha na hedi ni ya aluminiamu, na mfumo ulikuwa umejazwa maji matupu kwa miaka. Kuna imani kwamba maji ya bomba ya Mwanza hayana neno kwa sababu yanatoka ziwani na hayana chumvi nyingi. Ni kweli kwamba maji ya ziwa hili ni laini na hayaachi ukoko mwingi wa chokaa kama ya visima vingi. Lakini chokaa na kutu ni vitu viwili. Maji matupu, hata yawe laini namna gani, hayana dawa ya kuzuia kutu, na kutu ndiyo iliyokuwa imeziba nusu ya kile kichupa chembamba cha chuma ambapo mpira wa throto unachomekwa. Tukakizibua kwa waya mwembamba na hewa ya kompresa, tukavua valvu ya nta, tukaitumbukiza kwenye maji ya moto ndani ya sufuria tukiitazama. Ilifunga. Ikitolewa na kupoa, inafungua. Nta ilikuwa nzima.

Ikaingia kulanti na kifuniko kipya cha 0.9. Kujaza nako kuna namna yake: hita ya ndani unaiweka kwenye moto wa juu ili njia yake ifunguke, unajaza polepole kifuniko kikiwa wazi na injini ikiwa sailensa, unaminyaminya mpira wa juu, unaongeza kila mapovu yakitoka, mpaka themostati ifunguke na maji yashuke ghafla, unamalizia, ndipo unafunga. Tulishika tena mipira ya throto. Safari hii ilikuwa ya moto.

Na gari likazima.

Liliwaka, likapata moto, valvu ikafunga, sailensa ikashuka, ikaendelea kushuka, ikafa. Kijana wetu wa gereji alitoa macho, lakini hilo lilikuwa la kutarajiwa. Wale waliotangulia, wakijaribu kuishusha sailensa iliyokuwa juu, walikuwa wameikaza skrubu ya sailensa mpaka mwisho. Hewa ya ziada ilipokoma, injini haikubakiwa na pa kupumulia. Skrubu ya kizuizi cha kipepeo nayo ilikuwa imeguswa. Rangi ya kiwandani juu ya nati yake ilikuwa imevunjika. Ile tuliirudisha kwanza mpaka kipepeo kifunge bila kukwama, kisha tukapima swichi ya ndani ya sensa ya throto kwa mita na kile kipimo chembamba cha mwanya, ili ijulikane inakatika mahali panapotakiwa, kisha tukaangalia taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, nyuzi 10, na mwisho kabisa ndipo tukafungua skrubu ya sailensa mpaka 800 gari likiwa N. Ukianza na skrubu ya sailensa, utaifukuza siku nzima, kwa sababu kila kitu kingine kinaivuruga.

Geji ya mvuto ikasoma 15 na nusu, mshale umesimama wima. Sensa ya throto ya zamani, ambayo mwalimu kwa bahati aliitunza kwenye buti la gari ndani ya mfuko wa Rambo, tuliipima: nzima kabisa. Tuliirudisha, maana ile ya mtumba swichi yake ilikuwa inakatika kwa kusitasita, na baada ya miezi michache ingeleta kesi nyingine.

Gharama ya kazi nzima, ukitoa kulanti, ilikuwa chini ya bei ya ile sensa moja ya mtumba. Mwalimu ameambiwa aangalie maji shingoni mwa rejeta gari likiwa limelala usiku kucha, na kile kitangi akitazame kwa jambo moja tu: maji yapande injini ikiwa ya moto, yashuke ikipoa. Yakikaa palepale asubuhi na jioni, kifuniko kimekufa tena au mpira wa kitangi umeziba.

Wenye magari ya miaka ya karibuni, yenye throto ya umeme isiyo na waya wa mafuta, msianze na rejeta. Valvu hii ya nta hamna, sailensa yenu inaongozwa na mota ya kipepeo, na hapo kwa kawaida mimi huanza na uchafu kwenye throto, kisha mipira ya hewa, kisha sensa ya MAF, na mashine ya OBD2 mnayo pa kuichomeka. Wenye Toyota, Suzuki na Nissan za miaka ya 1980 mwishoni na 1990 mwanzoni, ambazo bado ni nyingi kwenye barabara za Kisesa na Usagara, kwanza shikeni mipira ya chini ya throto injini ikiwa ya moto, halafu ndipo mwende dukani kwa spea.